Tupeane uzoefu wa samaki: trauti na besi wa mtoni, unamrudisha majini au anakwenda jikoni?

Mwana wa Othaya
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita daraja la mto Gura, Nyeri, nikakuta vijana wawili wamening'iniza trauti kwenye kijiti, wanatafuta mnunuzi. Samaki wenyewe hawazidi kiganja changu, bado wana yale mabaka ya utotoni ubavuni. Nimeumia moyo. Huu ndio mto ambao mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alitia trauti wa kwanza nchini Kenya mwaka 1905, mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland, na mpaka leo wanazaana wenyewe bila kulishwa na mtu. Tukiwamaliza wangali watoto, nani atataga?

Mimi ni mtu wa kurudisha. Nikimfikisha kando nalowesha mikono kwanza, namchomoa ndoana akiwa ndani ya maji, halafu namshika akiwa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, mpaka apige mkia mwenyewe. Najua humu wapo wasiokubaliana nami. Leteni uzoefu: mto gani, samaki gani, ulimfanya nini.

Kiganjo Damu
Naunga mkono hoja. Mkono mkavu unambandua ute, na bila ute ukungu unamwingia. Anaondoka akiogelea vizuri, siku chache baadaye anakufa na wewe umeshajipongeza.

Ugali Moto
Mimi sikubali, na nitasema kwa nini. Unamchoma mdomo, unamkimbiza mtoni mpaka nguvu zimwishie, unampiga picha, kisha unamwachia na kusema unampenda. Hapo umempenda nani? Kwetu nimelelewa kwamba mnyama hachezewi. Ukimvua, mle. Kama huna njaa, kaa nyumbani.

Mama Vidimbwi
Ugali Moto una hoja, ila tofautisha wa mtoni na wa kufugwa. Mimi nafuga trauti wa upinde, wale wenye mstari wa waridi ubavuni, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Maji yangu ni baridi, yanaingia na kutoka muda wote, kwa sababu trauti akikosa hewa kwenye maji hamalizi hata asubuhi. Nauza hotelini na kwa majirani. Anayetaka kula anipigie simu, nitamwekea mkubwa mnene, amejaa nyama. Yule wa mtoni amechukua muda mrefu kufikia saizi hiyo, maana maji ya mlimani hayana chakula kingi. Ukimtoa yeye, pengo halizibwi haraka.

Ugali Moto
Mama, hiyo ni biashara unatetea.

Mama Vidimbwi
Ndiyo, ni biashara, na inalipa karo. Hoja yangu umeijibu au umeiruka?

Mtoto wa Uvira
Jambo sana bandugu. Mimi nilikulia Uvira, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, mtu wa mukeke na ndagala, samaki wa ziwa letu. Kwetu samaki akitoka majini njia ni moja tu, sufuriani. Sasa nakaa Pennsylvania, Marekani, na huku nimekuta mambo mengine kabisa, ndiyo maana nimeona niandike.

Huku mto wetu mkubwa ni Susquehanna. Ndani mna besi wa mdomo mdogo, samaki wa rangi ya shaba, macho mekundu, akishika ndoana anaruka juu ya maji mpaka unaogopa mshipi utakatika. Siku ya kwanza nimempata mmoja mzuri, nimefurahi, natafuta mfuko. Mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa kando akanisimamisha kwa upole, akanionyesha tangazo: sehemu hii ya mto, besi wote wanarudishwa hapo hapo. Niliona ni ubaguzi wa chakula, watu wameshiba. Kisha akanieleza. Kuanzia mwaka 2005 besi wadogo walianza kufa kwa wingi na vidonda mwilini, kizazi baada ya kizazi kikawa hakifiki utu uzima. Ikabidi wakubwa waliobaki waachwe wazae.

Akanifundisha na jambo lingine ambalo sikulijua na uvuvi wangu wote. Kwa besi, dume ndiye mlezi. Majira ya kuchipua anachimba kitanda kwenye changarawe, jike akishataga anaondoka, dume anabaki kulinda mayai na vifaranga. Ukimtoa hapo hata kwa dakika chache tu za kupiga picha, samaki wengine wanaingia na kufagia mayai yote. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Aprili mpaka katikati ya Juni, hata sehemu nyingine za huku ni marufuku kumbeba besi wa mtoni.

Lakini trauti ni kesi nyingine. Jimbo linafuga trauti na kumwaga mitoni zaidi ya milioni 3 kila mwaka, msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, watu wanajipanga kama sikukuu. Unaruhusiwa 5 kwa siku, wasiopungua inchi 7. Hao nakula bila wasiwasi wa moyoni, maana wengi wao maji ya mwezi Agosti yatawaua kwa joto hata nisipowagusa. Mke wangu anawakaanga, tunakula na bugali na sombe (kisamvu), na watoto wanauliza lini tena.

Kwa hiyo ukiniuliza kurudisha au kula, mimi nitakuuliza kwanza: huyo samaki amezaliwa hapo au ameletwa na lori?

Kiganjo Damu
Swali zuri sana hilo la mwisho.

Shemeji wa Makete
Nami kutoka Tanzania niongeze. Kitulo, ile bustani ya maua ya Nyanda za Juu Kusini, vijito vina trauti wa upinde, na Mufindi kwenye mashamba ya chai wapo pia, waliletwa zama za Waingereza. Nimewavua nikiwa kijana. Maji yanaganda vidole, unavaa koti la mvua Julai. Bibi yangu alikuwa anawapaka chumvi tu na kuwaweka juu ya makaa, pamoja na ngozi, maana magamba yao ni madogo mno huna haja ya kuparua. Sijawahi kumrudisha hata mmoja na sijutii.

Mpiga Makasia wa Karagita
Naivasha hapa. Mnaongelea besi wa Marekani, na sisi tunao wa mdomo mkubwa, ziwani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Baba yangu alilea familia kwa nyavu, na besi alikuwa ndiye samaki wa heshima, wa kuuzwa kwa wageni. Anawinda kwa macho, anataka maji maang'avu. Tangu samaki karpu waingie maji yamekuwa tope, maana karpu anafukua chini kama nguruwe, na besi hamwoni anachowinda. Mwaka 2001 ziwa lilifungwa uvuvi mwaka mzima ili samaki wapumue. Tulilala njaa, lakini walirudi. Basi mtu asiniambie kurudisha samaki ni mchezo wa matajiri, sisi maskini tumewahi kuwarudisha wote kwa mwaka mmoja.

Ugali Moto
Mkuu, hapo umenigusa. Lakini kufunga ziwa si sawa na kumchoma samaki ndoana kwa raha.

Gitugi
Shikamooni wazee. Nimesoma neno mshipi kukatika nikashindwa kunyamaza. Acha nieleze siku ambayo samaki mmoja nusura aue watu wawili.

Marehemu baba yangu alikuwa anawabebea mizigo na kuwaonyesha njia wavuvi wanaokuja Gura. Mimi nilikuwa kijana wa shule, likizo nafuatana naye. Siku hiyo kuna mgeni kutoka Nairobi, mtu mzima, ana vifaa vyote, nzi wa manyoya, yaani chambo bandia, wa kila rangi kwenye kofia. Tulikuwa ndani ya msitu wa mianzi chini ya Kiandongoro, lango la hifadhi ya Aberdare. Asubuhi maji yalikuwa safi, unahesabu kokoto. Yule mgeni akavuka mpaka kwenye jiwe kubwa katikati ya mto, kwa sababu chini yake kuna kidimbwi kirefu ambacho baba alikuwa amemwambia kina trauti mzee.

Na kweli akamshika. Trauti wa kahawia, nilimwona alipogeuka ubavu, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, madoa mekundu yamezungukwa na weupe. Fito ikapinda. Mgeni anapiga kelele za furaha. Sisi tulipo ni jua. Lakini baba hakuwa anamtazama samaki, alikuwa anatazama juu ya mto. Nikatazama na mimi. Yalikuwa yanashuka majani ya mianzi na vijiti, kisha povu, kisha rangi ya maji ikaanza kuwa chai ya maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu kwenye nyasi ndefu, sisi hatukusikia hata ngurumo. Watu wa Gura wanaujua huu mto, unashuka kwa kasi ya kutisha, na ukijaa haukupi nafasi ya kufikiri.

Baba akapiga ukelele, "Achilia! Kata! Toka!" Mgeni anajibu, "Dakika moja, nipe dakika moja, anachoka." Maji yameshafika kwenye magoti yake juu ya jiwe. Baba akanipa ncha ya kamba niifunge kwenye shina la mti, yeye akajifunga kiunoni akaingia. Niliona maji yakimpiga kifuani mpaka akapotea kidogo, akaibuka. Akapanda jiwe, akatoa kisu, akakata mshipi. Yule mgeni alimsukuma. Ndiyo, alimsukuma mtu aliyekuja kumwokoa. Baba akamkumbatia kwa nguvu wakaingia majini pamoja, nami nikavuta kamba huku nalia. Viganja vyangu vilichubuka, makovu ninayo. Walipofika kando, lile jiwe halikuonekana tena.

Mgeni alikaa chini akitetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba samaki yule angekuwa wa kutundikwa ukutani. Hakumlipa baba siku ile wala baadaye. Baba hakumdai. Miaka mingi baba aliendelea kwenda mtoni, na kila mgeni aliyemchukua alimwambia kabla ya kuvaa viatu: nikisema kata, unakata.

Mpiga Makasia wa Karagita
Mungu amlaze baba yako pema. Nimesoma mara mbili.

Mama Vidimbwi
Hakumlipa? Hata ahsante?

Gitugi
Hata ahsante, mama.

Shemeji wa Makete
Mimi ningemrudisha majini yeye badala ya samaki. Samahani, hasira.

Kiganjo Damu
Vijana zingatieni hizo dalili: majani na vijiti kwanza, povu, halafu rangi. Ukiona moja tu, toka. Pia msiende kando ya mto Chania au Gura ndani ya hifadhi bila askari wa wanyamapori. Nyati anakunywa maji hapo hapo unapovua, na kelele za mto zinamzuia kukusikia na wewe kumsikia.

Ugali Moto
Pole sana Gitugi, baba yako alikuwa mwanaume kamili. Lakini niulize: yule samaki alikwenda na ndoana mdomoni. Si alikufa tu?

Mwana wa Othaya
Si lazima. Ndoana ikiwa mdomoni au hata imemezwa, kukata mshipi karibu na mdomo kunamwacha na nafasi nzuri ya kupona kuliko kuing'oa kwa nguvu ukampasua matamvua. Matamvua yakivuja damu ndipo umempoteza, na hapo hata mimi namchukua nyumbani.

Daktari wa Mimea
Samahani, naona wote mnajadili kama hawa samaki ni wetu. Trauti wa kahawia, trauti wa upinde, besi wa mdomo mkubwa na karpu, wote wanne wamo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Waliletwa ili mabwana wa kikoloni wapate mchezo. Samaki wadogo wa asili na wadudu wa mito ya mlimani hawana mtetezi. Kwa maoni yangu, ukimvua trauti na kumrudisha, umemrudisha mvamizi. Kuleni wote.

Kiganjo Damu
Miaka zaidi ya 100 bado ni mgeni? Mahindi nayo tuyang'oe?

Daktari wa Mimea
Mahindi hayatoki shambani kwenda kula majirani.

Gitugi
Mkuu, babu zetu Wakikuyu hawakula samaki kabisa, na baba alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuonja. Trauti alitulisha na kutusomesha sisi. Hilo pia liandikwe kwenye orodha yenu.

Mpangaji wa Naro Moru
Mnagombania ndoana na mnaacha mabomba. Kwetu Naro Moru na Burguret, kiangazi kikikolea mto huku chini unakatika kabisa, maana kila shamba limechomeka bomba juu. Palipobaki vidimbwi maji yanapata joto, na trauti hawezi maji ya vuguvugu. Hapo hapana cha kurudisha wala cha kula. Nimeshuhudia samaki wakipumua juu ya maji kama wanaomba. Anayempenda trauti aende kwenye mkutano wa watumiaji maji, agombane huko.

Mama Vidimbwi
Huyu amesema kweli yote. Na mimi bomba langu linarudisha maji mtoni, njooni mkague.

Mtoto wa Uvira
Hata huku wakati wa joto tunaacha kuvua trauti kabisa mchana. Ukimchosha kwenye maji ya joto, kumrudisha ni kumzika tu.

Binti wa Kerugoya
Mimi naanza tu, nimesoma yote. Maswali mawili. Nitatumia ndoana gani kama nataka kurudisha wadogo na kula mmoja mkubwa? Na mto Thiba bado una trauti?

Mwana wa Othaya
Karibu dada. Chukua leseni kwanza usome masharti yake. Minyoo usibebe, mito ya trauti ni nzi wa manyoya. Halafu chukua koleo, ubane kile kijino cha ndoana mpaka kilale. Itachomoka yenyewe ukilegeza mshipi.

Ugali Moto
Akibana kijino nusu ya samaki watamtoroka. Dada usibane, vua mmoja, mle, nenda nyumbani. Ndiyo huruma yenyewe hiyo.

Gitugi
Thiba wapo, panda mpaka ndani ya msitu. Ila wiki hii mlimani kunanyesha. Subiri maji yasafike.