Fundi mzima unamnyooshea kidole mke wa mtu unasema "mzigo uko huku"?

Mpira_Kipara (mtoa uzi):

Assalaam alaykum wana jukwaa. Naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi imekosekana ijazeni wenyewe.

Simtaji mtu. Mnamjua. Yule yule mwenye bango la "alaimenti kwa kompyuta" (kupima na kunyoosha magurudumu) pana kuliko mlango wa msikiti, na kompyuta yenyewe imevishwa kanga tangu iliposhushwa bandarini. Leo nimekuta kanga imebadilishwa. Kompyuta ina nguo za sikukuu, umeme haina.

Mpira wangu wa mbele kushoto umeliwa. Bega la ndani limekwisha mpaka waya zinachungulia, bega la nje jipya kabisa, bado lina vile vinywele vya kiwandani. Una miezi 4. Niliununua na mwenzake wa kulia siku moja, duka moja, bei moja, na wa kulia umeliwa kidogo tu. Nikampelekea baada ya Laasiri, nimempakia mama watoto ili tukitoka hapo tupitie Darajani. Yeye kakaa zake kiti cha kushoto na bakuli lake la urojo, hana ugomvi na kiumbe.

Fundi akainama. Akaupapasa mpira. Akainuka, akautazama mpira, akatazama dirishani, akautazama mpira tena. Halafu, mbele ya vijana wake watatu, muuza kahawa, na mzee aliyekuja kutia upepo baskeli, akanyoosha kidole chenye grisi mpaka kwenye kifundo: "Mpira haujaliwa bure, sheikh. Mzigo uko huku."

MZIGO. UKO. HUKU.

Kijiko cha urojo kikaganda njiani, si bakulini si mdomoni. Na dirisha lilikuwa wazi lote, wallahi, kwa sababu kiyoyozi nacho alikitengeneza yeye.

Tumepita Mwanakwerekwe hajasema neno. Tumefika Fuoni hajasema neno. Nimemaliza kufunga gari, mto wangu uko barazani. Si ukumbini, barazani, kwa paka.

Sasa mtu kukaa kwenye kiti alichowekewa na kiwanda ndiyo ale bega la ndani la mpira? Na miezi 4 iliyopita, nilipoingia shimoni, nani aliyenibadilishia tairodi endi, kile kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani kwenye gurudumu, ya upande huo huo? Si yeye! Akatoa mshipi wa kuvulia, akaufunga bampa la nyuma mpaka la mbele, akafumba jicho moja kama anatunga sindano, akasema "imenyooka kama safu ya sala". Tangu siku ile nikiushika usukani sawa, gari inakwenda kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Gari ikenda sawa, usukani umepinda kama kofia ya mzee aliyesinzia. Nikamwambia, akasema nitazoea. Miezi minne nazoea! Leo ndiyo jibu lake: kidole, dirishani, mzigo uko huku.

BintBububu:
Pole kaka. Ila umeandika mzigo mara nne na hujasema hata mara moja kwamba si kweli. Shemeji akisoma hapa utahama na barazani.

Mpira_Kipara:
SI KWELI. Haya nimesema. Kwani wewe na fundi mna undugu?

Kaka_wa_Jang'ombe:
Labda alikusudia kitu nyuma. Hukuwa na gunia la mchele?

Mpira_Kipara:
Gunia lilikuwa kulia. Na kidole hakikuelekea nyuma. Nilikifuata kwa macho mimi mwenyewe tangu kilipotoka mfukoni.

Spana17:
Vijana, nimeshika spana mpaka mgongo umekataa, nisikilizeni kidogo.

Mpira wenye upepo mdogo unaliwa mabega yote mawili. Upepo ukizidi unaliwa katikati. Ukiliwa bega moja tu, hapo tazama pembe za magurudumu. Kesho kabla hujaugusa, pitisha kiganja juu ya meno ya mpira, kutoka nje kuja ndani, kisha urudishe. Kama njia moja laini na nyingine inakwaruza kama mbuzi ya nazi, hiyo ni too. Magurudumu yanatazama nje badala ya mbele, kwa hiyo mpira unazunguka huku unaburutwa ubavu, na bega la ndani ndilo linalolipa. Lakini too peke yake kwa kawaida huila mipira yote miwili ya mbele. Wako umeliwa zaidi mmoja, basi naitilia shaka na kemba: mpira umelala, kichwa kimeingia ndani. Gari iliyoingia shimoni si ajabu shokapu imepinda, au bushi (ile raba ya kwenye maungio) ya mkono wa chini unaoshika gurudumu imekufa.

Piga jeki. Shika mpira juu na chini, utikise. Ukicheza, bolijoini (kile kiungo chenye kichwa cha duara) au beringi. Shika kulia na kushoto, utikise. Ukicheza, tairodi. Vitu hivi vinatengenezwa KABLA ya kupima. Kupima alaimenti na bushi imelegea ni sawa na fundi cherehani kumpima mtu huku anacheza ngoma ya msewe.

Na mshipi msiutukane. Mimi nimefanyia kazi mshipi miaka mingi. Kosa la fundi wako ni kuufunga kwenye bampa. Unasimamisha vigingi pembeni, mshipi unakwenda sambamba na gari, upepo uwe sawa mipira yote, usukani umefungwa katikati, ndipo unapima ukingo wa mbele wa ringi na ukingo wa nyuma. Tofauti inayotafutwa ni ya milimita. Jicho moja lililofumbwa haliioni, na hilo la pili pia haliioni.

Kuhusu usukani kupinda: huyo kalegeza nati ya tairodi ya upande mmoja, akazungusha huo huo. Inatakiwa kuzungushwa kushoto na kulia kwa kiasi kimoja.

Mpira_Kipara:
Kwa hiyo mzee wangu, si mzigo?

Spana17:
Si mzigo.

Mpira_Kipara:
Andika kwa herufi kubwa nimpelekee ndani simu.

Spana17:
SI MZIGO. Ingawa sijamwona.

BintBububu:
Nimekufa mie. "Ingawa sijamwona."

Mpira_Kipara:
Mzee Spana umenimaliza. Nilishaituma kabla sijaisoma mpaka mwisho.

ChakeKwetu:
Nyinyi Unguja mnalia kwa mpira mmoja. Njooni Pemba muendeshe Chake mpaka Wete kwa ile barabara ya kona, mipira yote ya mbele inakwisha bega la nje, na fundi wa kukutukania mke humpati, itabidi umsubiri atoke shamba la karafuu. Mimi nilipeleka gari Unguja kwa meli kwa ajili ya alaimenti tu. Nauli ya gari ilizidi bei ya mipira.

Kaka_wa_Jang'ombe:
Meli msiitaje. Mimi gari yangu ilirudi na mkwaruzo urefu wa mkono, mpaka leo kila mtu ananiambia muulize fulani.

Mpira_Kipara:
Jamani turudi kwenye kidole.

ProboxYaBaba:
Kwa kuwa mzee Spana yupo: yangu haivuti upande, lakini nikifika 80 usukani unatetemeka kama mgonjwa wa homa. Fundi (nadhani ndiye huyo huyo) kanifanyia alaimenti mara tatu, na mara tatu kachukua pesa.

Spana17:
Hiyo anza na balansi. Alaimenti ni gurudumu linatazama wapi. Balansi ni uzito wa gurudumu lenyewe, unaolinganishwa kwa vile vipande vya risasi kwenye ringi. Angalia kama kimoja kimedondoka. Na mpira ukiwa na mabonde mabonde kama umetafunwa, kagua na shokapu.

ProboxYaBaba:
Mara tatu jamani!

BintBububu:
Mimi wangu ni wauza mipira ya mtumba. Niliambiwa "hii kama mpya, bi dada, inang'ara". Imepakwa rangi! Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yangu ilikuwa 3109. Ule mpira ulikuwa tayari kuanza skuli ya sekondari.

Kaka_wa_Jang'ombe:
Hahaha, ungempeleka tuisheni.

Mpira_Kipara:
Nyie, huyu mtu ALINYOOSHA KIDOLE. Chenye grisi. Dirishani. Na kesho lazima nirudi kwake, kwa sababu spea yangu aliibakisha yeye.

Spana17:
Ukifunga mpira mpya, usiuingize barabarani kabla ya kupimwa, utakwenda njia hiyo hiyo. Na huo wa zamani usiupeleke nyuma, waya zimeshatoka. Utupe.

Mpira_Kipara:
Hela ya mpira mpya iko kwenye pochi ya mama watoto.

ChakeKwetu:
Basi huna mpira.

ProboxYaBaba:
Samahani kutoka nje ya mada. Huo urojo alioshika shemeji ulinunuliwa wapi? Wa karibu na kwangu siku hizi unga mtupu.

BintBububu:
Swali zuri. Wengi wameacha kutia embe mbichi, wanamimina ndimu basi.

Mpira_Kipara:
Niko barazani, mvua imeanza kunyesha, na paka kapanda juu ya mto.

Kaka_wa_Jang'ombe:
Pole. Lakini huo urojo ulikuwa na kachori au bajia tupu?