Kadi imeisha na kwaya inaenda Tallinn, nisaidieni

Wa Tampere: Wapendwa habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina shida na ile ofisi ya uhamiaji hapa Finland na siku zimebaki kumi na moja. Kadi yangu ya oleskelulupa, kibali cha kukaa, imeisha juzi, jatkolupa, yaani kuongezewa kibali, niliomba kabla haijaisha, nimelipa, risiti ninayo, ila jana wananiambia nirudi kutoa alama za vidole upya na ajanvaraus, yaani miadi, ya karibu ni mwezi ujao. Sasa mimi ni besi kwenye kwaya ya wanaume huku, tunaimba Kullervo ya Sibelius, mtunzi wa muziki wa Finland, na okestra nzima, kwanza hapa halafu tunavuka bahari kwenda Tallinn, Estonia. Swali ni moja tu, kwa risiti hiyo naweza kupanda meli na KURUDI? Nimejifunza hii kazi tangu Septemba, Kifini chake cha zamani hata wenyeji wanaulizana maana. Sitaki kubaki nyumbani.

Wa Vantaa: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Meli haina shida, Tallinn ni Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, nimepita mara tano sijaulizwa kitu. Hao wa vidole mimi walinirudisha mara mbili, mtoto mgongoni na theluji mpaka magotini, mara ya pili eti picha imezidi miezi sita, nililia kituo cha basi.

Wa Espoo: Dada usimpotoshe mwenzio. Hizo mara tano ulikuwa na kadi hai. Ukiwa unasubiri jatkolupa una haki ya kukaa Finland, ndani ya Finland, siyo kuzunguka Schengen. Risiti siyo kadi. Na wewe kijana YKI, ule mtihani wa lugha, umeshafanya? Maana ukipata uraia haya yote yanaisha.

Wa Vantaa: Sijampotosha mtu kaka, nimesema yaliyonipata.

Wa Turku: Jamani mimi nimeona neno Kullervo tu moyo ukaruka. Hii Kalevala, tenzi za kale za Wafini zenye kisa cha Kullervo, tuisome sisi Waswahili kuliko mtu yeyote. Lönnrot alikuwa daktari, akazunguka Karelia anaandika nyimbo za wazee, akachapa 1835 halafu toleo kubwa 1849, mistari 22,795, na kila mstari una mizani nane kama utenzi wetu! Hesabu mwenyewe: Kul-ler-vo Ka-ler-von poi-ka. Nane kamili. Jan Knappert aliitafsiri kwa Kiswahili, mwenye nakala aniuzie. Halafu ule mkate! Kullervo ameuzwa utumwani anachunga ng'ombe, mke wa tajiri anamwokea mkate na jiwe ndani, anaukata, kisu kinavunjika, na kisu hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha baba yake. Si ndo mkate wa Fumo Liyongo kabisa?

Wa Espoo: Siyo kabisa. Liyongo mkate kauoka MAMA yake, ndani kaweka tupa ya kukatia pingu. Kijakazi Saada akapeleka, walinzi wakala mikate mizuri wakamwachia ule wa wishwa, akakata pingu. Mmoja mkate wa kuokoa, mwingine wa kuvunja moyo. Usichanganye.

Wa Turku: Sawa mzee, nimekubali. Ila mizani ni nane.

Wa Oulu: Bandugu, mimi sijui muziki wa noti. Lakini huyu Kullervo, ukoo wake unachinjwa, analelewa na wale wale waliowaua, kila mtu anamuuza tu. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwetu ni Uvira, Kongo. Baba aliniachia mkanda wa saa tu, saa yenyewe ilipotea njiani. Mtu akiukata huo mkanda leo sijui ningefanya nini. Watu wanakufa kule Kivu miaka yote hii na huku kwenye habari wanasema dakika moja. Samahani nimetoka nje ya mada.

Wa Tampere: Hujatoka kaka, upo ndani kabisa. Sehemu ya tatu, akikutana na msichana na kugundua baadaye ni dada yake aliyepotea, kwaya inaimba mapigo matano kwa kila kipimo, huwezi kupumua unapotaka, lazima twende pamoja kama watu wanaokimbia. Tunaimba wanaume tupu, halafu dada anaingia soprano peke yake, anasema yake yote kabla ya kujitupa majini. Siku ya kwanza ya mazoezi nilishindwa kuendelea. Nimeimba solfa KKKT tangu mtoto, sijawahi kukutana na kitu kama hiki. Sibelius alikuwa na miaka 26 tu alipokiongoza Helsinki, 28 Aprili 1892, Finland bado iko chini ya Urusi, na baadaye akakataa kisichapwe mpaka amekufa. Kifini kinaimbwa na okestra kubwa namna ile wakati wa Tsar, siasa hiyo.

Wa Espoo: Hapo umesema kweli. Ndo maana nasema jifunzeni lugha.

Wa Vantaa: Huo mkate wa wishwa umenikumbusha bibi yangu Lamu. Huku wishwa nauona dukani, leseet, kwenye mfuko mzuri, bei juu, nauangalia napita. Kuna mtu anajua kuuchachua vizuri?

Wa Tampere: Mkuu wa kwaya kaandika barua kwa ile ofisi kuomba wanisogeze tarehe ya vidole, hawajajibu. Kama kuna aliyewahi kurudi na risiti tupu kupitia bandarini aseme tafadhali, aliyepita YEYE MWENYEWE. Tamasha la hapa Tampere lazima niimbe, hapo sihitaji kadi. Wa Oulu, nakuwekea tiketi?

Wa Oulu: Weka mbili. Ninakuja na mama.