Reli ya modeli kwenye nafasi finyu: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Nina ukuta wa mita mbili, lakini upana ninaoruhusiwa kutumia ni sm 30 tu kwa sababu watu wanapita hapo. Natumia saizi ya HO (1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi). Duara nimeshalifuta, maana kona ya nusu kipenyo cha sm 46 peke yake inadai meza ya karibu mita moja. Mliobanwa na nafasi kama mimi, mlipangaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umefanya vizuri kuachana na duara. Ipe treni kazi. Mimi nina Inglenook, mpango wa Mwingereza Alan Wright, na sijauchoka. Ni pointi mbili (mahali njia inapogawanyika) na njia tatu: moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba 3 kila moja. Upande wa pili kuna kipande cha kuvutia mabehewa kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa 3, basi. Una mabehewa 8. Kila behewa lina kadi yake; unachanganya kadi, unachomoa tano, halafu unapanga treni kwa mfuatano uleule. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kipande hicho cha kuvutia usikirefushe hata kama nafasi ipo. Ukiongeza behewa moja tu pale, fumbo linalegea na raha inapungua.

Mchangiaji wa pili: Mimi napenda treni ikimbie, kwa hiyo nilihamia saizi ndogo zaidi ya N (1:160). Geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, ni mm 9 badala ya 16.5 ya HO. Kona ya nusu kipenyo cha sm 25 inakaa kwenye ubao wa sm 60, na mlango mwepesi wa ndani unatosha kuwa meza. Kwa sm 30 zako duara halikai hata kwa N, ila mpango wa mwenzetu hapo juu utashuka karibu nusu ya urefu.

Mchangiaji wa tatu: Kabla hujanunua hata pointi moja, chapisha michoro ya pointi kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye ubao, kisha weka mabehewa yenyewe juu ya karatasi. Wengi wanapima njia kuanzia pointi inapoishia, na hapo ndipo urefu unapopotea. Njia mbili zinapokuwa bado zinaachana, behewa lililosimama kwenye njia moja litagongwa na linalopita kwenye nyingine. Mimi huweka mabehewa mawili ubavu kwa ubavu, nayarudisha nyuma taratibu mpaka yapishane bila kugusana, natia alama kwa penseli. Nafasi ya kusimama inaanzia kwenye alama hiyo. Kwa HO hapo zinaweza kwenda sm 10 au zaidi, na behewa la Kimarekani la futi 40 lina sm 14. Ukizisahau, njia yako ya mabehewa 3 itakuwa ya mabehewa 2.

Mchangiaji wa nne: Naongezea umeme. Kushanti (kupanga na kusogeza mabehewa) ni mwendo wa polepole, na kichwa kifupi kinapenda kuzima juu ya msalaba wa plastiki katikati ya pointi, pale reli zinapokatana. Chukua pointi yenye msalaba wa chuma unaopata umeme. Bei yake iko juu kidogo, lakini kwa pointi mbili tu usibane hapo. Na majengo ya ukutani kata nusu, uso wa mbele tu, unene wa sm 4 unatosha.

Mleta mada: Asanteni sana, wakuu. Nimepanga karatasi leo: njia zote tatu zimeingia na ukingoni zimebaki sm 20 hivi. Naenda na Inglenook. Ubao niufanye mmoja au vipande viwili?

Mchangiaji wa tatu: Viwili vya mita moja, utaweza kuvibeba peke yako. Angalia tu pointi isiangukie kwenye kiungo. Kama inaangukia hapo, sogeza mpango mzima kwenye hizo sm 20 zako kabla ya kukata.