Tupeane uzoefu: kongamano la kitaaluma katika msitu wa milimani

Ndugu zangu, tuzungumzie makongamano yanayofanyika mbali na kumbi za hoteli za Kampala, katika vituo vya utafiti vilivyo msituni. Siulizi kama mandhari yalipendeza, kwani hilo halina ubishi. Nataka kujua mahali penyewe palibadili nini katika mjadala.

Mhadhiri, Mbarara
Nilihudhuria mkutano Ruhija, ukingoni mwa msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,300, ambako chuo kikuu chetu kina taasisi ya uhifadhi wa misitu ya tropiki. Ukungu ulitanda tangu asubuhi, umeme wa jua ukapungua, na waandaaji wakaamua projekta izimwe ili taa za jioni zisikose nguvu. Watoa mada walibaki na ubao na chaki. Aliyeielewa kazi yake hakupungukiwa na kitu. Aliyezoea kusoma maandishi ya ukutani alimaliza mapema mno.

Kikao nilichokithamini zaidi kilihusu sensa ya gorila ya mwaka 2018, iliyokadiria gorila 459 katika Bwindi pamoja na hifadhi jirani ya Sarambwe, upande wa Kongo. Gorila hutandika kiota kipya kila usiku, hivyo wahesabuji hufuata viota na kuchukua sampuli za kinyesi kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Askari wa hifadhi aliyeketi nyuma aliomba nafasi akauliza: mtoto anayelala kiotani mwa mama yake, ambaye kinyesi chake kidogo kimesombwa na mvua, anahesabiwaje? Msemaji alitumia muda wote uliosalia kulijibu swali hilo. Katika hoteli ya mjini, askari huyo asingealikwa.

Mwanafunzi wa uzamili, Kabale
Mwalimu, nakubaliana nawe, ila gharama zisemwe pia. Mkutano niliohudhuria uliitishwa katikati ya mvua za Machi hadi Mei, na waandaaji walidhani kila mshiriki ana gari la kupanda milima. Sisi wanafunzi tulipanda bodaboda kwenye utelezi, mabango yetu ya kuonyesha utafiti yakiwa ndani ya mabomba ya plastiki. Baridi ya usiku nayo haina mzaha. Bebeni sweta na koti la mvua. Chakula cha mchana kilichelewa kwa sababu ambayo wanafizikia waliokuwapo walifurahi kuieleza, yaani kwamba katika mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharage hayajali ratiba ya mtu.

Mtafiti, Fort Portal
Kwetu Kanyawara, katika kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere ukingoni mwa msitu wa Kibale, hali ni tofauti. Mwinuko ni wa mita 1,500 hivi, mashamba ya chai yako jirani, na mjini si mbali. Ukaribu huo ndio ulioharibu mkutano wetu: kila alasiri wakubwa walishuka mjini kulala hotelini, wakatuacha vijana tukijadiliana peke yetu.

Mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, Kisoro
Mhadhiri amemsifu askari, nami naunga mkono. Lakini Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, waliondolewa humo, na katika kongamano nililohudhuria waliitwa jioni tu, wacheze ngoma wakati wageni wanakula. Mchana, watu wengine walisoma mada juu ya mimea ya dawa ambayo wazee wale wanaijua kwa mikono yao. Je, kuna aliyeona ikifanyika vinginevyo?

Mhadhiri, Mbarara
Ndiyo, dada yangu, ingawa si Ruhija. Wazee walipewa kikao cha asubuhi, wakazungumza Kikiga na mkalimani akafasiri, wakalipwa posho sawa na wasemaji wengine. Kikao kilichukua karibu mara mbili ya muda uliopangwa, hivyo anayeandaa apunguze mada nyingine mapema, na fedha za mkalimani aziweke kwenye bajeti kabla hajaagiza mikoba na fulana za washiriki.