Tupeane uzoefu: Tulivyopoza breki za magari ya michezo uwanjani

Ndugu wapenzi wa magari ya kasi, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu amejifunza kuhusu joto la breki katika uwanja wa mbio. Nitaanza mimi. Gari langu lina uzito wa kilo 1,500 hivi, na mwishoni mwa sehemu iliyonyooka hunilazimu kushuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80. Ukipiga hesabu ya nishati ya mwendo, kila ninapokanyaga breki pale karibu megajuli 2 hugeuka kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na diski mbili za mbele (sahani za chuma zinazozunguka pamoja na magurudumu), ambazo hupata sekunde chache tu za kupoa kabla ya kona inayofuata.

Siku moja, katika mzunguko wa sita, pedali ilizama karibu na sakafu. Niliipampu mara tatu ndipo gari likashika, tayari nikiwa kwenye kokoto. Nilidhani pedi, yaani vipande vinavyobana diski, ndizo zenye kasoro, nikanunua nyingine za gharama kubwa, na tatizo likarudi vilevile. Kosa langu lilikuwa kutosoma dalili. Pedali ikibaki ngumu lakini gari likawa halipunguzi mwendo, pedi zimevuka kiwango chake cha joto; pedali ikilegea na kuzama, mafuta ya breki yamechemka, kwa kuwa mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi. Mafuta yangu ya DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) yalikuwa na umri wa miaka mitatu. Yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu, na kiwango cha chini kinachotakiwa kwa mafuta yaliyokwisha kuingia maji ni nyuzi 155 tu. Nyinyi mlianzia wapi, na ni hatua ipi iliyowaletea nafuu ya kweli?

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi mafuta yalikuwa mapya, pedi zilikuwa za uwanjani, na bado diski zilipasuka nyufa ndogondogo. Nilifunga mabomba ya hewa yenye kipenyo cha milimita 75 kutoka kwenye bampa ya mbele, nikayaelekeza kwenye uso wa ndani wa diski, nikaamini kazi imekwisha. Nyufa ziliongezeka. Ndipo nilipoelewa kwamba diski yenye mapezi katikati (kuta nyembamba zinazoacha njia za hewa kati ya nyuso zake mbili) ni pampu: inapozunguka huvuta hewa kutoka karibu na kitovu na kuisukuma nje kupitia ukingoni. Ukipuliza uso mmoja tu, upande huo hupoa na wa pili hubaki na moto, na chuma kinachotanuka bila usawa hupinda na kupasuka. Nilitengeneza bamba jipya la kuziba nafasi kati ya bomba na kitovu, ili hewa yote iingie katikati ya diski bila kuvujia pembeni. Kabla ya hapo nilikuwa nimepaka ukingoni mwa diski rangi za kupimia joto, na ile inayobadilika kwenye nyuzi 610 ilikuwa ikigeuka kila siku; baada ya marekebisho haikugeuka tena, ingawa ile ya nyuzi 560 iligeuka. Nawasihi pia mkate usukani hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kutoka gereji, kwa sababu bomba langu la kwanza lilisuguliwa na tairi likatoboka.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Je, kwenye barabara ya kawaida unayaacha mabomba wazi?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana, nayaziba kwa vifuniko. Pedi za uwanjani hazishiki vizuri zikiwa baridi, na mvua huingiza maji na mchanga moja kwa moja kwenye diski.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu zilizoungua zilikuwa pedi za nyuma, jambo lililonishangaza. Mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utelezi ulikuwa ukibana breki za nyuma kila nilipotoka konani kwa nguvu, nami sikuhisi chochote kwenye pedali. Nilipojifunza kukanyaga mafuta taratibu zaidi, mfumo uliacha kuingilia, na pedi zikadumu.

Mchangiaji wa tatu:
Napenda kuongeza habari ya mzunguko wa mwisho, ambao naona wengi wanaupuuza. Nilikuwa nikimaliza kwa kasi, naegesha, kisha navuta breki ya mkono. Gari likisimama upepo hukoma, joto la diski huhamia kwenye pedi, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na mafuta ya breki, na mara moja mafuta yangu yalichemka gari likiwa limeegeshwa. Sasa mzunguko mzima wa mwisho naendesha nikigusa breki kwa nadra, naegesha gari likiwa kwenye gia, na breki ya mkono siigusi.

Mchangiaji wa nne:
Baada ya kutumia fedha nyingi kwenye mabomba, niligundua kwamba diski yangu ya kushoto ilikuwa imefungwa upande wa kulia, na ya kulia upande wa kushoto. Fundi aliangalia mwelekeo wa mifereji iliyochongwa usoni, ambayo haiamui chochote kuhusu hewa. Kinachoamua ni mapezi ya ndani: yanapotoka kitovuni kwenda ukingoni yanapaswa kulala kuelekea nyuma ya mzunguko wa gurudumu, la sivyo pampu hudhoofika hata ukiipelekea hewa kiasi gani. Kwenye magari mengi hayo huonekana kwa kuchungulia ukingo wa diski kwa tochi, bila kufungua kitu zaidi ya gurudumu.