Namna ya kumuaga mgeni kwa Kireno bila kumkatiza

Swali (mwongoza watalii, Arusha): Wadau, wageni wa Brazili na Ureno wakianza stori hawamalizi, na gari la Ngorongoro linasubiri. Niage vipi bila kuonekana nawakimbia?

Jibu: Anza na "Bom..." (yaani "Haya..."), tulia kidogo, kisha "tenho que ir" (TE-nyu ki ir), yaani "inabidi niende". Malizia "foi um prazer" ("nimefurahi"). Ukiruka hiyo "bom" utasikika umewakatiza.

Jibu: Shukrani humfuata msemaji, si anayeambiwa: mwanaume "obrigado", mwanamke "obrigada". Wengi huteleza hapo.

Jibu: "Adeus" (kwaheri) achana nayo, hasa kwa Wabrazili, inasikika kama hamtaonana tena. "Tchau" (chau) yatosha, au "até logo" kama mtakutana baadaye. "Com licença" ("naomba ruhusa") ni ya kuinuka mezani au kupita katikati ya watu.