Naomba ushauri: kutembea na mtoto Mji Mkongwe jioni

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo tunaenda Unguja, mimi, mama watoto na binti yetu wa mwaka na nusu, ambaye siku hizi hataki kubebwa hata umhonge pipi. Tunataka jioni tutoke Darajani hadi Forodhani kwa miguu, tupite vichochoroni. Wasiwasi wangu ni vespa, zinachomoza kwenye kona ghafla. Halafu pale Forodhani vijana wanapojirusha baharini, huyu atataka kuwafuata, namjua!

Kigari cha kusukuma kitapita, au tumfunge mgongoni kwa kanga apige kelele zake? Njia ipi imetulia baada ya magharibi? Na urojo usio na pilipili unapatikana, au nimpe chapati tu?